Waya Uliokatika Kabla ya Jina

Tangu nirudi sijanywa chai nikaimaliza. Mmoja ananishika mkono pale kwa wabadilisha pesa, mwingine ananifuata hadi stoo, na wote wana maswali yale yale mawili: mtu wa safari anunue iafoni gani ya kusikilizia redio, maana mmeniona sasa navaa ile kubwa ya kichwani kama rubani, na, Owino, ulipatwa na nini huko kwenu? Nimeona niandike mara moja, mpitishiane karatasi, mimi nifanye kazi yangu. Shule niliacha darasa la nne. Hata hivyo nimeandikiana na wauza mahindi wa Tarime mpaka Musoma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilitaka kusema nini.

ISEBANIA

Mnanijua. Nilianza kwa kubeba magunia ya wengine mgongoni, leo magunia ni yangu na wabebaji ni wangu, na sikusaidiwa na mtu. Kila wiki napeleka mahindi soko la Homa Bay kwa lori la kukodi. Dereva ni Chacha, Mkuria wa hapa hapa, mtu asiyecheka lakini anachekesha. Lori lake lina nguvu, na lina kelele za malori mawili. Redio yake iliibwa zamani, limebaki tundu ambamo Chacha anaweka tumbaku.

Sasa, redio kwangu haikuwa anasa. Mama yangu, huko Kanyada karibu na mji wa Homa Bay, alikuwa amelala kitandani tangu mvua zianze, kifua kimembana. Simu haijafika kwetu. Sisi Wajaluo msiba unatufikia kwa redio. Baada ya habari za mchana, na tena jioni, idhaa ya Kidholuo inasoma matangazo ya vifo. Wanataja kijiji, wanataja mume, halafu jina la aliyekufa, kisha watoto na mahali walipo. Nikiwa dukani nayasikiliza nimesimama. Siku ya safari nilikuwa kama kiziwi. Kila nikishuka Homa Bay niliogopa kumsalimia mtu, nisije nikaona usoni mwake kwamba anajua kitu ambacho mimi sijui.

Ndiyo nikaenda kwa Boke, yule mama anayeuza betri na tochi karibu na kizuizi. Alikuwa na redio ndogo za mfukoni, zile za kaseti, ambazo hazina spika. Bila waya wa masikioni ni bubu kabisa. Akaniwekea aina mbili mezani. Moja ya kichwani, upinde wa chuma na sponji mbili, waya mnene kama kamba ya kiatu. Nyingine ya kuingia ndani ya sikio, vidude viwili kama punje za mahindi, waya mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Wewe mtu wa barabara," Boke akasema. "Chukua ya kichwani."

"Nikiivaa, kofia yangu itakaa wapi?"

"Itakaa nyumbani. Kwani kofia inasikia?"

"Mama, nina wateja. Siwezi kushuka sokoni na vyuma kichwani."

"Basi jizibe na hii. Ukipigiwa honi usiniite mimi."

Msidhani nilinunua kwa macho. Nilizijaribu zote mbili ndani ya lori, injini ikinguruma. Ya kichwani ilileta redio na injini pamoja, kama watu wawili wanaogombana. Ya sikioni ilifunga mlango. Nilimsikia msomaji wa habari kama amekaa begani kwangu. Nikaichukua. Kwa akili niliyokuwa nayo siku ile, sikukosea.

MIGORI

Tulisimama Migori kula. Niliingia hoteli moja karibu na daraja, nikaagiza ugali na samaki ngege wa kukaangwa. Iafoni ilikuwa masikioni, waya umeshuka mpaka mfuko wa shati. Saa ya matangazo ilikuwa bado, lakini sikutaka kuivua. Nilishaanza kuogopa kuivua, kama vile mauti yalikuwa yananingojea nizubae.

Nilikula vizuri tu, mpaka nilipoona mwenye hoteli ananiletea chai ambayo sikuitisha. Nikasoma midomo yake: "Ni bure, mzee." Nikavua punje ya sikio moja. Hoteli nzima kimya. Watu walioingia wakibishana kuhusu vyama na kura sasa walikuwa wanaangalia sahani zao kama wanafunzi. Mnajua siku hizi wapelelezi walivyo wengi. Mtu anaangalia nyuma kabla ya kusema hata bei ya sukari.

Mwanaume wa meza ya jirani akaniinamia. "Jaduong', mzee wangu, hiyo kitu inanasa?"

"Inanasa nini?"

"Maneno."

Nikacheka. Kucheka kulikuwa kosa. Nilimwona mwingine anainuka polepole, na mwingine nyuma yake, na mlango uko upande wao. Mtu anayekuogopa hakupigi mara moja, lakini akishaamua, hapigi kidogo. Nikaichukua ile punje niliyoivua na kuisukuma ndani ya sikio la yule jirani kabla hajasema kitu. Akakunja uso. Akasikiliza. Hoteli yote ikamngojea.

"Ni mahubiri tu," akasema. "Na mhubiri mwenyewe amepigwa na mafua."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, lakini ile chai ya bure niliimwaga nikitafuta pesa ya ugali. Wengine walikuwa wameshatoka na kuacha ugali mezani.

Nje, mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama kando ya lori na karai la samaki. Jina lake Min Atieno, yaani mama yake Atieno, mchuuzi, alikuwa anaona kila kitu kupitia dirishani. "Kama wewe ni serikali," akaniambia, "nipeleke Homa Bay na samaki wangu. Kama si serikali, pia nipeleke."

Chacha akamfungulia mlango. "Panda, mama. Huyu ni tajiri wa mahindi. Serikali haina tumbo la namna hiyo."

AWENDO

Kutoka Migori kwenda Awendo matrekta ya miwa yanatambaa barabarani na trela nyuma, miwa imening'inia huku na huku. Nilikaa katikati, Chacha kulia kwangu, Min Atieno dirishani. Habari zikaisha. Matangazo yakaanza.

Wale mnaosikiliza mnajua sauti ile. Msomaji hana haraka. Anasoma msiba wa Sakwa, wa Uyoma, wa Kano. Kila anapoanza "mke wa marehemu" moyo unasimama, na akitaja mume wa watu wengine unarudi. Nilikuwa nimefumba macho.

Kisha nikasikia: Kanyada. Nikasikia kijiji chetu. Nikasikia, "mke wa marehemu mzee Nyagudi."

Mzee Nyagudi ni baba yangu.

Kumbe wakati ule ule trekta mbele yetu lilisimama ghafla, na Chacha alikuwa ananipigia kelele nishike. Alisema baadaye aliniita mpaka sauti ikakauka. Mimi sikusikia hata moja. Niliona tu paji langu linakwenda kwenye dashibodi. Chacha alikuwa amekanyaga breki na kuvuta gia, na ule waya mwembamba, uliokuwa umelala juu ya mti wa gia, ukavutwa nao. Ukakatika. Masikioni mwangu mkawa kimya kama kaburi.

Nikapiga redio, nikaitikisa, nikaiweka sikioni yenyewe. Bubu.

"Tajiri, umeumia?" Chacha akauliza.

Damu ilikuwa inashuka puani, na Min Atieno akanifuta kwa leso yake yenye harufu ya samaki. Nikawaambia nilichosikia.

Hapa lazima niwaeleze kitu, kama nilivyowaeleza wale wawili lorini, maana bila hicho hamtaelewa hofu iliyonishika. Baba aliacha wake wawili katika boma moja. Mama yangu ndiye mkubwa, ndiye mgonjwa. Mdogo wake katika ndoa tunamwita Nyar Alego, kwa sababu aliolewa kutoka Alego. Nyar Alego alikuwa mzima, mwenye nguvu, mtu wa jembe na wa kuni, ndiye aliyekuwa anamuuguza mama. Tangazo lolote la boma letu lingesema yale yale niliyoyasikia, kwa huyu au kwa yule. Jina ndilo lililokuwa linafuata.

Kwa akili, nilijua ni mama. Nani mwingine? Lakini moyoni palikuwa na kijisauti kinasema, labda ni yule mwingine. Nikagundua ninachokiomba. Nilikuwa ninaomba Nyar Alego awe amekufa. Siku nilipotoka nyumbani kijana kwenda kutafuta, ni yeye aliyenifungia viazi vitamu vya njiani. Nilijaribu kuacha kuomba, sikuweza. Nikaanza kujiogopa mimi mwenyewe.

RONGO

Chacha alijaribu kuunga ule waya kwa meno, mafundi wawili wa redio wakajaribu kwa moto. Uzi ule ulikuwa laini mno, ukiugusa unakatika tena mahali pengine. Mwisho nikaingia duka la Mhindi mmoja aliyekuwa na aina moja tu: ile ya kichwani. Nikavua kofia yangu nikaiweka kaunta, nikaijaribu hiyo hedifoni, nikalipa. Ile kofia sikurudi kuichukua, na kama mnapita Rongo msiniulizie.

Basi, nyinyi mnaouliza, jibu ni hili. Mtu anayekaa ndani ya nyumba na achukue ya sikioni, inaleta sauti safi kuliko ile nyingine. Lakini mtu wa barabara achukue ya kichwani. Italeta kelele za injini, ndiyo, na itakuletea pia sauti ya mwenzako anayekuita. Waya wake ukinaswa, unakuvuta kichwa wewe, haukatiki. Na ukitaka kumsikia mtu unaishusha shingoni, huna haja ya kuchomoa vidude sikioni kama unatoa nta.

Lakini matangazo ya mchana yalikuwa yameisha. Nikaenda duka kwa duka nikiuliza nani alisikia redio. Mmoja alikuwa anasikiliza mpira. Mwingine alikuwa amelala. Fundi wa baiskeli akainua kichwa.

"Kanyada? Ndiyo, walisoma. Mama wa watu."

"Jina?"

"Jina sikushika, ndugu yangu. Nilikuwa nagonga rimu." Akaniangalia paji lililovimba, akashusha nyundo. "Ni wako?"

Nikasema sijui. Ni jibu la ajabu kumpa mtu, na alinipa pole ya ajabu pia, ya nusu, mkono wake umesimama hewani asijue kama anipe au asinipe.

RODI

Kutoka Rongo ni barabara ya murram, haina lami, na mvua ilikuwa imetutangulia. Karibu na Rodi lori liliteleza na kuzama upande mmoja mpaka ekseli. Tulikata majani, tukaweka mawe, watu wa pale wakaja kusukuma. Tope lilikuwa mpaka kiunoni. Nimelala porini na magunia nikiwa kijana, nimefukuzwa na askari wa mpaka, sijawahi kuogopa tope. Siku ile niliogopa kila kitu. Bundi hakulia, lakini nilikuwa namsikiliza.

Jioni ikafika tukiwa pale pale. Nikavaa hedifoni, nikakaa juu ya magunia, betri mpya. Chacha na Min Atieno wakasimama chini wakinitazama mdomo. Nikasikiliza kila jina mpaka la mwisho. Kanyada haikutajwa.

"Kumbe hakuna," Chacha akasema. "Labda ulisikia vibaya."

"Hapana," Min Atieno akasema. "Walilipia ya mchana peke yake. Watu wengi wanafanya hivyo."

Alikuwa amepika samaki wake wawili kwenye sufuria ya watu wa pale, akatugawia na ugali. Akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa tangu Awendo.

"Wewe ni mtoto wa kwanza wa nyumba kubwa?"

"Ndiyo."

"Basi utaingia vipi?"

Chacha akauliza kuna shida gani katika kuingia kwenu, mtu si anaingia kwa miguu. Min Atieno akamweleza. Kwetu, mtoto wa boma akifika kwenye msiba anaanza kulia langoni, anaingia anakimbia, anamwita marehemu kwa jina lake, anazunguka nyumba yake. Akiingia kimya watu wanajiuliza amefurahia nini. Kifungua mimba ndiye anayetazamwa kuliko wote.

"Sasa akilia jina la mama yake," Min Atieno akasema, "na mama yake yuko kitandani, anamsikia mwanawe anamlilia akiwa hai, huyo mama ataishi vipi? Amemwita kaburini."

"Si amlilie yule mwingine," Chacha akasema.

"Na kama ni mamake ndiye amekufa? Atakuwa amempita mama yake mzazi."

"Alie bila jina."

"Bila jina ni kilio cha mlevi."

Chacha akatema mwiba wa samaki. "Sisi Wakuria pia tuna mambo," akasema, "lakini nyinyi mmezidi."

Nililala kwenye viti vya lori. Nasema nililala, kwa kweli nilikuwa nahesabu pumzi za mama yangu, nikiwaza kama hii ni ya mwisho, au hii, au ile ya mwisho ilipita zamani nikiwa kwa Boke nachagua.

KANYADA

Asubuhi tulitoka kwenye tope. Min Atieno alishuka sokoni Homa Bay, na alipotaka kunilipa nilikataa. Akanishika mkono. "Uangalie kutoka mbali," akasema. "Watu wamekaa mbele ya nyumba gani. Hiyo itakwambia."

Ulikuwa ushauri wa busara. Niliushika kama mtu anayeshika ukingo wa ngalawa. Chacha akasimamisha lori kwenye njia panda ya kwetu kwa sababu chini kulikuwa na maji, nikaenda kwa miguu, hedifoni shingoni, viatu mkononi.

Boma letu linaonekana kutoka kwenye mlima mdogo. Nikapanda. Nikaangalia.

Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba ya mama yangu. Watu wamejaa chini yake. Moto wa wazee ulikuwa unafuka moshi karibu na mlango wake. Mbele ya nyumba ya Nyar Alego hapakuwa na mtu, kuku tu.

Miguu ilinipeleka yenyewe. Kile kijisauti cha kuomba kilinyamaza, na badala yake sikupata huzuni, nilipata hofu tupu, ile ya mtoto aliyepotea sokoni. Nikafika langoni. Watu wakageuka. Nikafungua mdomo nilie jina la mama yangu, kama inavyotakiwa, na sauti haikutoka. Nilijaribu tena. Bure. Mimi, ambaye nikimwita mbebaji Isebania ananisikia Sirare, ng'ambo ya mpaka.

Nikaingia kimya.

Nilipita katikati ya watu wote. Shangazi zangu waliniangalia, mmoja akashika kidevu. Nilimsikia mzee fulani anasema, "Huyo ndiye wa mpakani," na sikupenda alivyosema. Nikaenda moja kwa moja mpaka mlango wa mama, nikasimama kwenye kizingiti, ndani giza.

"Nani huyo amesimama kwenye mwanga wangu?"

Nilishika mwimo wa mlango. Alikuwa amekaa kitandani, amefunikwa blanketi, mwembamba kuliko nilivyomwacha, macho yake makali vile vile.

"Ni mimi, mama. Owino."

"Umeingia sasa?"

"Sasa."

"Sikusikia mtu."

"Nimeingia kimya."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni wewe."

Akaniangalia, akapumua kwa shida, akaniangalia tena. "Ulidhani ni mimi," akasema, "na ndiyo ukaingia kimya."

"Sauti ilikataa, mama."

Akanieleza, kidogo kidogo kwa sababu ya kifua. Ni Nyar Alego. Juzi alimpikia uji asubuhi, mchana akasema kichwa, jioni wakambeba hospitali, na hakurudi. Mwili bado uko mochari. Watu wamekaa mbele ya mlango huu kwa sababu mama hawezi kutoka, na alikataa mwenzake aombolezwe mahali ambapo yeye hawaoni waombolezaji.

"Ni yeye aliyekuwa ananiinua kwenda nje," akasema. "Usiku kifua kikinibana alikuwa anakaa hapo ulipo. Sasa rudi langoni."

"Mama, watu wameshaniona."

"Watakuona tena. Nyieka wangu, mke mwenzangu, haingiliwi kimya na mtoto aliyemlisha. Nenda. Na utoe hicho kitu shingoni."

Nikatoka. Nikapita tena katikati ya wote, kwenda nje, mtu mzima mwenye mali, viatu mkononi, na hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Nilipofika langoni na kugeuka, niliiona nyumba ya Nyar Alego imefungwa, na jembe lake limeegemezwa ukutani, lina udongo mbichi. Nilikuwa nimeomba kitu tangu Awendo, na nilikuwa nimepewa.

Hapo sauti ikatoka. Sikuitoa, ilitoka. Nilikimbia nikimwita Nyar Alego, nikamwita kwa jina lake la kwao na la baba yake, nikazunguka nyumba yake, nikapiga ukuta wake kwa mikono, nikamwambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Shangazi wakainuka wakanifuata wakilia. Wazee wakavua kofia. Sijisifu, na hata nikijisifu ni kweli: Kanyada haijasikia kilio kama kile. Chacha alikisikia kutoka njia panda akadhani nimepigwa.

Nilipomaliza, niliinama nikaingia tena kwa mama, shati limelowa, koo limechanika. Alikuwa bado amekaa, mkono umeshika ukuta, machozi yanashuka, na uso wake umetulia.

"Hiyo ndiyo sauti," akasema. "Nimeisikia yote."

Akajilaza, nikamvutia blanketi.

"Siku yangu ikifika," akasema, "usije ukaipunguza hiyo sauti."

Nikamwambia sitaipunguza.